Mkurugenzi Aliposalimia kwa Kisukuma

Minza Mayunga aliitambua sauti kabla hajaona uso. Alikuwa amekaa kwenye benchi nje ya ofisi ya shule, mkoba wenye kinasa sauti mapajani, akisubiri kuitwa, na mle ndani mwanamume mmoja alikuwa akimkaripia mpishi wa shule. Hakuwa akipiga kelele. Alisema pole pole, kwa sauti ya chini, akilitua kila neno peke yake. Mtu wa kelele unaweza kumzoea. Sauti ile Minza hakuizoea hata alipokuwa mtoto, na sasa, mwanamke mzima mwenye shahada moja mkononi na nyingine njiani, alijikuta ameiweka mikono juu ya magoti, viganja vikitazama juu, kama walivyofundishwa kukaa wakisubiri fimbo.

"Ingia, madamu," sauti ikasema.

Alikuwa ni Mwalimu Athanasi. Nywele zilikuwa zimemwisha mbele, tumbo limemtangulia, na shingoni alifunga tai nyekundu katika joto lile la Bariadi. Alimpa mkono, akampa kiti, akamtazama usoni vizuri kabisa, na hakumtambua.

"Karibu Nyota Njema," alisema. "Mimi ndiye mkurugenzi."

Ilikuwa miaka ile kamba zilipolegezwa. Pamba, ambayo tangu watu wakumbuke ilinunuliwa na chama cha ushirika peke yake, sasa ilinunuliwa na yeyote mwenye mizani na lori. Shule nazo zikawa hivyo hivyo. Athanasi aliacha ajira ya serikali, akajenga madarasa ya tofali za kuchoma upande wa kutokea mjini kwenda Lamadi, akatundika kibao cha Kiingereza, na wafanyabiashara wa pamba na ng'ombe wakaanza kuleta watoto wao wakiwa wamevaa soksi ndefu.

Minza alikuwa ametumwa na chuo kikuu. Mwalimu wake huko Dar es Salaam, Dakta Kristofa, alikuwa na utafiti juu ya namna watoto wanavyojifunza jema na baya: wanajifunza kwa mkubwa, au wanafundishana wao kwa wao? Shule zilichaguliwa sehemu mbalimbali, na Bariadi akapewa Minza kwa kuwa ndiye aliyejua Kisukuma. Jina la mkurugenzi halikuwa limeandikwa popote. Angelijua, huenda angekataa. Au huenda angekuja mapema zaidi.

* * *

Miaka ya sabini, katika shule ya msingi moja huko upande wa Mwandoya, Athanasi alikuwa kijana aliyetoka chuo cha ualimu na moto kifuani. Taifa lilikuwa linajengwa, na lilijengwa kwa Kiswahili. Kwa watoto waliokuja na Kisukuma chao cha nyumbani alitengeneza dawa: taya la ng'ombe, na meno yake, limetobolewa na kupitishwa kamba ya katani. Aliyesikika akisema Kisukuma alivishwa. Ili alivue, ilibidi amnase mwenzake naye akisema Kisukuma, amvishe. Aliyekwenda nalo nyumbani jioni alichapwa kesho yake mbele ya wote. Mwalimu mwenyewe hakuhangaika kusikiliza. Watoto walimsikilizia.

Jilala, mdogo wake Minza, alikuwa na kigugumizi. Kwa lugha ya nyumbani kilikuwa kigugumizi kidogo tu, watu walikuwa wamekizoea, mama yao alisubiri mpaka neno litoke kisha akamjibu. Kwa Kiswahili kilimkaba koo. Na watoto wakagundua upesi kwamba mwenye taya hana haja ya kuzunguka uwanja mzima akitega masikio. Alikwenda moja kwa moja kwa Jilala, akamkanyaga kidole cha mguu kwa kisigino, akasubiri.

"Mayu!" Jilala alilia, kama alivyolia mtoto yeyote wa kule akimwita mama yake. Taya likahama.

Wakamwita Taya. Hata wale waliokuwa wakichunga naye, wakamwita Taya. Minza, aliyekuwa madarasa mawili mbele, alijaribu kumsaidia kwa njia aliyoijua: alisimama katikati ya uwanja akasema Kisukuma kwa sauti, ili avishwe yeye. Mwalimu Athanasi alitazama, akatabasamu. "Dada mwenye huruma," alisema kwa ile sauti yake, na wakachapwa wote wawili.

Kisha ikaja siku ya wazazi. Athanasi alimpandisha Jilala juu ya meza, taya shingoni, akamwambia awaambie wazazi sentensi moja tu, kwamba anapenda lugha ya taifa. "Ni," alianza Jilala. "Ni, ni, ni." Wazazi wakacheka. Baba yao alikuwemo, amekaa mstari wa mbele, na yeye akacheka, si kwa ubaya, alicheka kwa sababu wenzake walikuwa wanacheka. Jilala alishuka mezani akiwa amefunga mdomo. Hakuufungua tena ndani ya uwanja wa shule ile, na haikupita muda akaacha shule kabisa akaenda kwenye ng'ombe.

Alikua. Akawa mwanamume mrefu, mwenye nguvu, mjuzi wa mifugo, na bubu mbele ya mgeni yeyote. Alipotaka kuoa, wazee wa upande wao walikwenda naye kwa wakwe kule Kiloleli. Baba wa binti, kwa kumchangamsha tu, akamuuliza yeye ni mtoto wa nani. Jilala alisimama na mdomo wazi. Alisimama mpaka mashangazi wa binti wakaanza kutazama pembeni, mpaka kuku waliokuwa wakikimbizwa kwa ajili ya wageni wakaachiwa. Binti aliolewa kwingine.

Watu walisema Minza alisomea saikolojia kwa sababu ya akili zake. Mwenyewe alijua kilichomsomesha.

* * *

"Hii hapa ndiyo siri ya shule yangu," alisema Athanasi kwa Kiingereza wakitembea uwanjani wakati wa mapumziko. Alimwita mtoto mmoja wa kiume, akavuta utepe wa bluu uliokuwa shingoni mwake. Mwishoni mwa utepe ulining'inia mfupa mdogo, umesuguliwa na kupakwa rangi nyeupe. Taya la mbuzi.

Minza aliinama akayahesabu meno ya mfupa ule.

"Watoto wanaiita diski," Athanasi aliendelea. "Hapa ni Kiingereza tu. Akisema Kiswahili, au hiki Kisukuma chetu, anavaa; jioni anaiacha darasani, kesho anaivaa tena. Unajua, madamu, mtoto humfundishi wewe. Anafundishwa na mwenzake. Mimi naweka sheria, wao wanailinda. Muandike hilo katika utafiti wenu."

"Nitaliandika, Mkurugenzi," alisema Minza.

Kilichomuuma ni kwamba alikuwa anasema kweli. Ndicho utafiti ulichokuwa unauliza, na jibu lilikuwa likikimbia mbele yake uwanjani. Aliona watoto wenye Kiingereza kizuri wakicheza kwa kelele na wale wenye Kiingereza kibovu wakikaa chini ya ukuta, midomo imebanwa. Aliona marafiki wakilindana, na asiye na rafiki akizungukwa. Aliona msichana mdogo akikanyagwa kidole. Hakuna aliyekuwa amewafundisha kukanyaga kidole. Walikuwa wameligundua wenyewe, kama walivyoligundua wale wa Mwandoya.

Taratibu za utafiti zilikuwa wazi: mtafiti anayemfahamu mhusika aseme, apangiwe shule nyingine. Siku hiyo hiyo Minza alikwenda kwenye kibanda cha simu karibu na stendi ili ampigie Dakta Kristofa. Alishika simu sikioni, ikaita, ikapokelewa.

"Haloo? Minza? Huko kunaendaje?"

"Kunaenda vizuri sana, Dakta," alisema. "Nadhani nitahitaji kukaa zaidi."

* * *

Hakuwa na mpango mwanzoni. Alikuwa na hasira tu, na hasira ilikuwa na subira. Alikaa na watoto mmoja mmoja katika chumba cha stoo, akiwasimulia visa vifupi na kuwauliza nani kakosea na kwa nini. Kinasa sauti kilizunguka. Katika watoto wote aliowahoji, mmoja alimkaa moyoni: Jenifer, mtoto wa Masele mnunuzi wa pamba, mwenye mwanya na macho ya kumchoma mtu. Jenifer aliziamini sheria jinsi watoto wengine wanavyoamini kwamba jua litachomoza. Alikuwa ameshawahi kumvisha diski dada yake wa damu, na mara moja alijishtaki mwenyewe, alipoota ndoto mchana darasani akazungumza Kisukuma.

"Sheria inasema kila mtu," alimwambia Minza, kwa Kiingereza chake cha kuchonga. "Ukipita geti tu, umo."

Ndipo mpango ulipokuja, wote kwa pamoja, ukiwa umekamilika. Minza alinyoosha mkono akazima kinasa sauti.

Mtafiti hamwongozi mtoto kwenye jibu. Hilo lilikuwa somo la kwanza kabisa alilofundishwa.

"Na Mkurugenzi je?" aliuliza. "Mkurugenzi akisema Kisukuma?"

"Mkurugenzi hasemi."

"Lakini akisema?"

Jenifer alifikiri. Alifikiri kwa uso mzima, ulimi ukichungulia kwenye mwanya. "Atavaa," alisema hatimaye.

"Nani atamvisha?"

"Mwenye diski."

"Na mwenye diski akiogopa?"

"Mimi nisingeogopa," alisema Jenifer.

Minza alimshukuru, akampa penseli yenye kifutio, akamruhusu aende.

Yaliyobaki yalikuwa mepesi kuliko alivyotegemea. Siku ya wazazi ilikuwa inakaribia, na Athanasi alikuwa haongei kitu kingine. Alitaka kujenga bweni. Alitaka watoto wa wafanyabiashara wote wa pamba kuanzia Bariadi mpaka Lamadi, na aliyewashika wafanyabiashara hao alikuwa Masele. Utafiti ulimtaka Minza atembelee nyumba za watoto, kwa hiyo alikwenda kwa Masele, jirani na kinu cha pamba, akakaa na mama wa Masele, Bibi Milembe, wakazungumza Kisukuma mchana kutwa juu ya namna watoto walivyolelewa zamani. Bibi Milembe Kiswahili alikijua cha sokoni tu, na hata hicho alikisema kama mtu anayetembea juu ya miiba.

"Bibi, siku ya wazazi njoo umwone mjukuu wako akiimba," Minza alimwambia.

"Nitafanya nini mimi kwenye Kiingereza, mwanangu?"

"Utasalimiwa vizuri tu. Nitahakikisha."

Kisha akaenda kwa Athanasi. "Mkurugenzi, Masele hafanyi kitu bila mama yake," alisema. "Ukimpata bibi umempata Masele. Na ukimpata Masele, wenzake wote watakuja nyuma. Lakini bibi hana lugha nyingine. Ukimwamkia kwa lugha yake, mbele ya watu, hataisahau heshima hiyo."

Athanasi alimtazama kwa shukrani ya kweli. "Wewe ni mtu mwema, madamu," alisema. Minza aliinamisha macho.

Lilibaki jambo moja. Alasiri ya kuamkia siku ya wazazi, watoto walikuwa wakijipanga kutoka. Diski ilikuwa na mvulana mmoja mnene aliyekuwa akizungukazunguka kwa kukata tamaa, kwa sababu kesho walikuwa wanakuja wageni na kila mtu alikuwa amebana mdomo. Minza aliona kamba ya kiatu cha Jenifer imefunguka. Alikwenda akapiga magoti mbele yake, akaifunga, na akiwa pale chini, kwa sauti laini ya mtu wa nyumbani, kama bibi anavyosema asubuhi akiwasha moto, akamwambia, "Mhola, ng'wanone?"

U mzima, mwanangu?

"Mhola duhu," alijibu Jenifer.

Lilimtoka tu, kama pumzi. Mvulana mnene alikuwa nyuma yake. Alipiga ukelele wa furaha, akavua utepe, na Jenifer akasimama wima akavishwa, macho yake hayajaondoka usoni kwa Minza. Hakulia. Alionekana kama mtu anayejaribu kuelewa hesabu.

Minza alimaliza kufunga kiatu.

* * *

Siku ya wazazi Athanasi alikodi vipaza sauti kutoka mjini na turubai la rangi tatu. Afisa elimu alikuja akakalishwa kwenye kochi. Masele alikuja na pikapu yake, ameketi na mama yake mbele, na wafanyabiashara wenzake wakaja na wake zao waliojipamba. Watoto walipangwa mbele kama kwaya. Athanasi alikuwa ameamuru diski ifichwe ndani ya sweta, isiwashughulishe wageni bure. Minza aliketi mstari wa nyuma pamoja na walimu. Aliweza kuona utepe wa bluu ukichungulia shingoni mwa Jenifer.

Watoto waliimba. Wazazi walipiga makofi kwa maneno wasiyoyaelewa, na hiyo ndiyo iliyowafurahisha zaidi. Kisha Athanasi akashika maiki, akasema kwa Kiingereza habari za bweni, habari za dunia mpya inayokuja, dunia ya soko, ambayo mtoto asiye na Kiingereza ataachwa stendi. Aliposema hivyo akashuka jukwaani, maiki mkononi, akaenda mpaka alipokaa Bibi Milembe, akainama mbele yake kwa adabu yote.

"Mwangaluka, mayu," alisema.

Vipaza sauti viliipokea salamu ile vikaitupa mpaka barabarani. Wazazi wakashangilia. Bibi Milembe akacheka na kuficha meno yake kwa mkono, akaitikia, na Athanasi akaongeza Kisukuma juu ya Kisukuma, akamuuliza habari za nyumbani, za mvua, za ng'ombe.

Jenifer alitoka kwenye mstari.

Alitembea katikati ya uwanja peke yake, soksi zimevutwa mpaka magotini, akiingiza mkono shingoni na kuuvuta ule utepe. Mfupa mweupe ukatoka ndani ya sweta. Alipofika mbele ya mkurugenzi aliunyanyua kwa mikono miwili, kama anatoa zawadi, akasema kwa Kiingereza yale maneno waliyofundishwa wote kusema: kwamba amesikika akitumia lugha ya nyumbani, na avae.

Kwanza watu walicheka, kicheko kizuri cha sherehe. Athanasi naye alicheka. "Watoto hawa," alisema kwenye maiki. "Rudi kwenye mstari, binti."

Jenifer hakurudi. Mikono yake ilibaki juu.

"Ni kitu gani hicho?" aliuliza afisa elimu kutoka kwenye kochi.

"Mchezo tu, mheshimiwa. Mchezo wa lugha."

Masele aliinuka nusu kwenye kiti. "Jenifer. Nini hicho ulichovaa, mwanangu?"

Mtoto alimtazama baba yake akabana midomo. Baba alikuwa ameuliza kwa Kiswahili.

"Si nakuuliza?"

Akatikisa kichwa. Kicheko kikaanza kupungua, kiti kwa kiti. Bibi Milembe alikuwa amesogea mbele, ameushika ule utepe, anaupapasa mfupa kwa vidole vyake vigumu, meno ya mbuzi yote yamo. Alisema kwa Kisukuma, na kwa kuwa maiki ilikuwa karibu, kila mtu alisikia: "Nani kamfunga mjukuu wangu mfupa shingoni?"

Katika nchi ile hilo si swali dogo. Kuna mifupa inayofungwa watu, na kuna sababu zinazofanya ifungwe. Wanawake waliojipamba wakawaita watoto wao kwa mikono.

Afisa elimu alikuwa mtu wa mzaha, na mpaka hapo bado alikuwa tayari kuokoa jahazi. "Basi vaa, Mkurugenzi," alisema akicheka. "Si sheria yako? Vaa tumalize."

Na hapo ndipo lingeweza kwisha. Minza alilifikiria jambo hilo mara nyingi baadaye. Kama Athanasi angeinamisha shingo tu, akavaa ule mfupa, akafanya kichekesho, wangempigia makofi na bweni lingejengwa. Jenifer mwenyewe alikuwa akimngoja ainame, amesimama kwa ncha za vidole ili amfikie. Lakini Athanasi alitazama nyuso zile zote zinazomcheka, na Minza aliuona mdomo wake ukifunguka, ukafunguka tena, na neno halikutoka.

Alimpiga Jenifer kofi.

Maiki ilikuwa bado mkononi mwake. Lile kofi lilitoka kwenye vipaza sauti vyote viwili.

Masele hakumgusa. Watu walidhani atamuua. Alikwenda akambeba mtoto wake, akamshika mama yake mkono, akatembea mpaka kwenye pikapu. Mfanyabiashara mmoja akainuka, akamwita mwanawe. Kisha mwingine. Turubai likabaki na viti na sahani za pilau ambazo hazikuguswa, na afisa elimu akiuzungusha mkononi ule mfupa aliouokota chini, ameacha kucheka.

Minza hakuinuka. Kitu kilikuwa kimemfunguka kifuani, kitamu na cha moto, na alikaa akikinywa mpaka tone la mwisho.

* * *

Kesho yake alikwenda ofisini kuaga. Athanasi alikuwa peke yake, hana tai. Uwanja ulikuwa kimya.

"Unamkumbuka Jilala Mayunga?" aliuliza Minza. "Wa kule Mwandoya. Mwenye kigugumizi. Ulimpandisha mezani."

Athanasi alikunja uso. Minza alimwona akitafuta kwa bidii, kwa nia njema kabisa, na akaona kwamba hapati kitu.

"Nimefundisha watoto wengi," alisema.

"Mimi ni dada yake."

Ikamwingia pole pole. Bibi aliyeletwa, salamu, mtoto. Lakini sauti yake ilipotoka ilikuwa ile ile. "Na wewe nani alikufundisha Kiswahili hicho kizuri, mwanangu? Umefika chuo kikuu. Nani alikutoa kule kwenye ng'ombe?"

Minza alikuwa ameyatafuta maneno yake tangu utotoni, alikuwa nayo ya kutosha kumzika mtu. Yote yakamkauka. "Shule yako imekwisha," alisema tu. "Nilitaka ujue ni nani."

Na iliisha. Masele aliwaondoa wanawe, wenzake wakafuata, na wilayani wakasimamisha kibali wakingoja maelezo. Kabla mvua hazijaanza Athanasi alikuwa Lamadi, watu walimwona mwaloni, wavuvi wanaposhushia samaki, akinunua dagaa kwa magunia, akibishana bei kwa Kisukuma.

Kabla ya kuondoka Bariadi Minza alipita kwa Masele. Jenifer alikuwa amekaa mlangoni, sikio limevimba. Alimwamkia madamu kwa heshima. Kisha akauliza, kwa Kiswahili, kwa kuwa pale palikuwa nyumbani, "Nilikosea wapi?"

"Hukukosea, Jenifer."

"Sheria si inasema kila mtu?"

"Inasema."

"Sasa mbona alinipiga?" Na bila kungoja jibu, mtoto aliinua yale macho yake ya kuchoma. "Siku ile ulipofunga kiatu. Ulijua mwenye diski yuko nyuma yangu?"

Bibi Milembe alitoka na kigoda kwa ajili ya mgeni. Minza alisema basi lake linamsubiri.

Lilimpeleka Mwandoya. Jilala alikuwa zizini akimtibu ndama jicho, na Minza alisimama upande wa pili wa ua wa miiba akamsimulia yote: tai nyekundu, vipaza sauti, salamu, mfupa ukitoka ndani ya sweta, mdomo wa Mwalimu Athanasi ukifunguka bila neno. Jilala alimwachia ndama. Alianza kutikisika mabega, kisha akacheka, kicheko kikubwa kisicho na kigugumizi hata kidogo. Minza hakuwahi kukisikia tangu walipokuwa watoto. Alicheka mpaka akakaa chini kwenye samadi.

"Te, te, tena," alisema. "Sema tena. Ule mdomo."

Akasimulia tena. Jilala akamwita mama yao atoke jikoni, akaita na majirani waliokuwa wakipita, na Minza ilibidi aanze upya, na kila alipokisema kisa kilikuwa kinakuwa kifupi na kitamu zaidi. Kofi hakulisema. Mara ya kwanza aliliruka kwa kuwa Jilala alikuwa anacheka. Mara ya pili aliliruka kwa kuwa aliliruka mara ya kwanza.

Mama yao alisikiliza mpaka mwisho, unga mikononi. Kwa jirani zake alicheka. Walipokwisha kutawanyika aliuliza, "Na huo mfupa alipewa na nani, mbele ya watu wote vile?"

"Watoto, mayu," alisema Minza. "Watoto tu."